Kesi ndogo ya alumini kwa kompyuta ya nyumbani: Chopin, FC8, A4-H2O, au uchukue ya chuma?

Muulize fundi aliyezoea kujenga kompyuta ndogo kesi gani ni nzuri, naye atakurudishia swali: utaweka pawa saplai gani? Anaweza kuonekana anakwepa, kumbe ameshika mzizi wa jambo. Mazabodi za Mini-ITX, yaani bodi kuu za kompyuta ndogo, zina ukubwa mmoja dunia nzima, milimita 170 kwa 170, tangu VIA ya Taiwan ilipozileta mwaka 2001. Prosesa inakaa juu ya mazabodi, rami vivyo hivyo, na siku hizi hata SSD, diski ya kuhifadhia mafaili, ni kijiti kinacholala juu yake. Wanaobaki kugombea nafasi ni watatu: pawa saplai, kipoozeo cha prosesa na kadi ya grafiki. Kati ya hao, anayetangulia kufa katika nyumba ambayo umeme unakatika na kurudi kwa kishindo ni pawa saplai. Ikiwa kesi yako inakubali pawa saplai ya umbo lisilouzwa Kariakoo ya Dar wala Luthuli Avenue ya Nairobi, jua kwamba siku itakapoungua utakaa na kompyuta ya maonyesho mpaka mzigo ufike kutoka nje.

Kwa hiyo ulinganisho huu hauanzi na uzuri. Nimeweka kesi tatu za alumini zinazowakilisha njia tatu tofauti kabisa za kujenga: InWin Chopin, Streacom FC8 na Lian Li A4-H2O. Ya nne, SilverStone SG13, ni ya chuma, na nimeiingiza kwa makusudi. Anayelinganisha alumini kwa alumini tu anaweza kufika mwisho bila kujua alumini inamlipisha kwa kitu gani.

Alumini inakupa nini hasa

Tuanze na lile linalorudiwa sana na wauzaji: kwamba kesi ya alumini inapoza kompyuta. Ni kweli alumini inapitisha joto vizuri kuliko chuma, mara tatu hivi au zaidi kutegemea mchanganyiko wake. Lakini sufuria inapata moto kwa sababu imekaa juu ya jiko. Iweke hatua moja pembeni, na ubora wake wote wa kupitisha joto hauna kazi. Ndani ya kesi ya kawaida prosesa haigusi ukuta. Joto lake linapanda kwenye kipoozeo, linaingia hewani, na hewa hiyo ndiyo inayotakiwa kutoka nje. Kinachoipoza kompyuta hapo ni matundu na feni. Kesi ya chuma yenye matundu mengi itaishinda kesi ya alumini iliyofungwa pande zote, na haitakuwa mbio za karibu. Alumini inafanya kazi ya kupoza pale tu ukuta wenyewe ulipounganishwa na prosesa kwa mirija ya shaba, na katika hizi nne ni FC8 peke yake.

Wepesi je? Upo, ila haufiki kiasi unachotajiwa. Ujazo ule ule wa alumini una uzito wa theluthi moja tu ya chuma, gramu 2.7 kwa sentimita moja ya ujazo dhidi ya 7.8 hivi. Kwa kuwa alumini ni laini, watengenezaji huitumia nene, milimita 1.5 au 2, ambapo chuma kingetosha kikiwa chini ya milimita moja. Faida kubwa ya uzito inaliwa na unene. Unene huohuo, kwa upande mwingine, ndio unaofanya kesi nzuri ya alumini isitetemeke wala kunguruma feni zinapokimbia. Alumini nyembamba ndiyo mbaya kuliko zote: inalia kama debe na inapinda ukiibana kwa vidole viwili. Ukipata nafasi ya kuishika kabla ya kununua, bonyeza ubavu wake katikati. Hicho ni kipimo cha haraka kuliko kusoma tangazo zima.

Kwa watu wa pwani, faida ninayoiheshimu zaidi ni kutu. Tanga, Mombasa, Unguja, hata Kigamboni, hewa ya chumvi inakula chuma kuanzia kwenye kingo zilizokatwa na kwenye matundu ya skrubu, pale ambapo rangi haikufika vizuri. Alumini iliyopitishwa kwenye asidi na umeme ili ijijengee gamba gumu la oksidi haina shida hiyo kwa kiwango hicho. Si kwamba haiguswi kabisa. Skrubu ya chuma ikikaa ndani ya alumini mahali penye unyevu wa chumvi, alumini ndiyo inayoliwa, na utaona unga mweupe kuzunguka kichwa cha skrubu. Ukipangusa kesi kwa kitambaa kikavu mara kwa mara na kutoiweka chini ya dirisha linaloelekea bahari, itadumu kuliko mazabodi utakayoweka ndani.

Sasa mabaya yake. Nyuzi za tundu la skrubu katika alumini huchakaa upesi. Anayefunga kwa nguvu za bisibisi ya umeme atazimaliza siku ya kwanza. Zungusha kwanza kinyume mpaka usikie skrubu imedondoka kwenye njia yake, ndipo ukaze kwa mkono. Mikwaruzo pia haifutiki, maana gamba lile halipakwi upya nyumbani. Na sanduku la metali pande zote linaziba Wi-Fi, hivyo antena lazima zitoke nje kwa nyuma. Mazabodi isiyo na matundu ya antena, pamoja na kijiti cha Wi-Fi cha USB kilichochomekwa nyuma ya kesi iliyogusishwa ukutani, ni njia ya uhakika ya kuilaumu kampuni ya intaneti bure.

Liko jambo jingine ambalo wauzaji hawaligusi, nalo linawahusu sana wenye kesi za metali tupu: kuwashwawashwa kidogo unapoigusa. Ndani ya pawa saplai mna kapasita za kuchuja kelele za umeme, zinazounganisha nyaya za umeme na bodi ya metali. Waya wa ethi ukiwepo, kile kidogo kinachovuja kinashuka ardhini na hutakijua. Usipokuwepo, kesi inabaki ikielea kwenye karibu nusu ya volti za ukutani. Mkondo ni mdogo sana, lakini mkono wenye jasho unausikia, na masikioni unausikia pia kama kelele ukivaa spika za kichwani. Kesi ya chuma iliyopakwa rangi nene inaficha hali hii. Alumini inaionyesha kwenye kingo na skrubu. Dawa yake ni soketi yenye ethi inayofanya kazi kweli, si adapta ya pini mbili wala ekstensheni ambayo tundu lake la tatu ni pambo. Mwite fundi umeme aipime kabla hujalaumu kesi.

Vipimo vyao kwa pamoja

| | InWin Chopin | Streacom FC8 | Lian Li A4-H2O | SilverStone SG13 |
|---|---|---|---|---|
| Vipimo vya nje, mm | 244 × 217 × 84 | 240 × 250 × 100 | 326 × 244 × 140 | 285 × 222 × 181 |
| Lita, kwa kuzidisha | 4.4 | 6.0 | 11.1 | 11.5 |
| Pawa saplai | huja nayo, wati 150 au 200 kutegemea toleo | bodi ndogo ndani, adapta nje | SFX au SFX-L | ATX ya kawaida |
| Kipoozeo cha prosesa | kifupi sana, kama sm 4 | ukuta wa kesi | mm 55, au cha maji cha mm 240 | mm 61 |
| Kadi ya grafiki | haiingii | usiitegemee | hadi mm 322 | hadi kama mm 266 |

ATX ni umbo la pawa saplai za kawaida za madukani, SFX ni umbo dogo zaidi, na SFX-L ni SFX iliyorefushwa kidogo. Lita nimezizidisha mwenyewe kutoka vipimo vya nje. Hesabu za kwenye matangazo mara nyingi huacha miguu na mikunjo, na ndiyo maana kesi mbili zinazojiita za lita moja zinaweza kukaa tofauti kabisa juu ya meza.

Angalia safu mbili za mwisho kwanza. SG13 ya chuma na A4-H2O ya alumini karibu ni sawa kwa ujazo, lita 11 na kitu. Bei zao haziko sawa hata kidogo. Ya alumini iko juu mno, na bado hujanunua pawa saplai yake. Maana yake ni kwamba fedha ile ya ziada hainunui udogo. Inanunua mpangilio wa ndani na mwonekano. Anayelijua hilo anaweza kulipa kwa furaha. Asiyelijua analipa akidhani ananunua nafasi ya meza.

Chopin: ndogo kuliko zote, na ina siri moja ya kuiokoa

Chopin inasimama mezani kama kitabu kinene. Mbele na ubavuni ni alumini, mifupa yake ni chuma. Haina nafasi ya kadi ya grafiki, kwa hiyo prosesa lazima iwe na grafiki ndani yake, kama Ryzen 5 5600G au 8600G za AMD, au Intel yoyote isiyo na herufi F mwishoni. Mzazi anayetaka kompyuta ya shule, ya kuandikia, ya mikutano ya video na sinema za jioni hahitaji zaidi ya hapo. Ina sehemu mbili za diski za inchi 2.5, na hizo zinatosha picha za familia nzima.

Kipoozeo ndipo inapobana. Noctua NH-L9 ina kimo cha milimita 37 na inaingia. Vipoozeo vinavyokuja bure kwenye boksi la prosesa vingi haviingii, basi usivihesabu. Tena usidanganywe na namba ya wati 65 iliyoandikwa kwenye prosesa. Ile 5600G ya wati 65 inaruhusiwa na mazabodi kuvuta hadi 88, na Core i5-12400, ambayo nayo imeandikwa 65, inaweza kufika 117 inapokazana. Ndani ya lita nne na nusu, katika chumba cha nyuzi 31 Dar mchana wa Februari, wati hizo zote zitasikika kama feni inayolia. AMD hizi zinakuruhusu kuingia kwenye mipangilio ya mazabodi na kuzishusha hadi wati 45. Kwa kazi za nyumbani hutaona tofauti. Kwa masikio utaiona papo hapo.

Halafu ile pawa saplai. Haina umbo la ATX wala SFX, kwa hiyo ikiungua huwezi kuingia duka lolote na kuchukua nyingine. Kwa msingi niliouweka mwanzoni, Chopin ingestahili kuwekwa kando. Kinachoiokoa ni kwamba unaweza kuitoa pawa saplai hiyo kabisa, ukaweka mahali pake bodi ndogo ya kugeuza umeme ya volti 12, zile za aina ya picoPSU zinazochomekwa moja kwa moja kwenye tundu la umeme la mazabodi, na adapta ikabaki nje. Fundi mwenye drili anatoboa tundu moja kwa nyuma, na kazi imekwisha. Mimi ningefanya hivyo hata kabla ile ya asili haijafa, kwa sababu mbili: feni yake ndogo hupiga mluzi mzigo ukipanda, na joto lake linatoka ndani ya kesi ambayo tayari inahema.

FC8: kimya kabisa, na vumbi halina wa kulivuta

Streacom wanatengeneza kesi zisizo na feni. Katika FC8, mirija minne ya shaba inatoka juu ya prosesa na kulala kwenye ubavu wenye mapezi mazito ya alumini, na ubavu huo ndio kipoozeo. Kiwango wanachokitaja ni prosesa ya wati 65. Hakuna kinachozunguka, hivyo hakuna kinachovuta vumbi. Aliyewahi kufungua kompyuta iliyokaa mwaka mmoja kando ya barabara ya vumbi Dodoma au Kitengela anajua thamani ya sentensi hiyo. Vumbi halikupi shida ya uchafu tu. Linavaa kipoozeo koti na kuziba matundu, na kompyuta iliyokuwa kimya Januari inaanza kulia Agosti.

Lakini namba ya wati 65 isomwe kwa akili ya mtu wa kitropiki. Kipoozeo kisicho na feni hakiumbi ubaridi. Kinachofanya ni kuongeza idadi fulani ya nyuzi juu ya joto la chumba. Chumba kikiwa na nyuzi 22, kama sebule ya Ulaya, una nafasi kubwa. Chumba kikiwa na 32, kila kitu ndani kimepanda nyuzi kumi hapo hapo. Kwa Mombasa au Dar bila kiyoyozi ningeweka prosesa ya wati 35, zile za Intel zenye herufi T, au AMD iliyoshushwa hadi 45, na nisizidi. Njombe, Limuru au Kabale mambo ni mengine, 65 zinabebeka.

Pia ujue kwamba ukuta unapoza prosesa peke yake. SSD na zile sehemu za mazabodi zinazolisha prosesa umeme zinategemea upepo ambao hapa haupo. Chagua mazabodi yenye vipande vya kupoza juu ya sehemu hizo, na SSD yenye kibamba chake cha alumini. Kesi yenyewe kuwa ya moto mkononi ni dalili nzuri, ndiyo inavyotakiwa. Isichotaka ni kufungiwa ndani ya kabati la TV, na zaidi ya yote isifunikwe kwa kitambaa cha kufuma. Najua kitakavyopendeza. Usikifunike.

Kuijenga kunataka subira. Mirija lazima ikae sawasawa, krimu ya kupitishia joto ipakwe kila inapogusana metali kwa metali, na mahali ilipo soketi ya prosesa kwenye mazabodi panaamua kama mirija itafika ubavuni bila kugonga rami ndefu au vipande vya kupoza. Soma mwongozo wa kesi kabla ya kununua mazabodi, wala usifanye kinyume.

Kuhusu umeme, FC8 ndiyo ninayoipenda zaidi. Ndani kuna bodi ndogo, nje kuna adapta ya volti 12, kama ya kompyuta mpakato. Adapta ikiungua, imeungua nje. Hujafungua kesi, hujagusa mazabodi. Adapta za volti 12 zenye ampea 10 zinapatikana kila mahali kwa sababu ya kamera za usalama, ingawa nyingi za bei ya chini huandika ampea wasizoweza kuzitoa, na kompyuta ni mteja mkali kuliko kamera. Mwombe muuzaji aipime ikiwa na mzigo. Na kwa wanaoishi na sola, mlango mwingine unafunguka hapa. Betri ya volti 12 haikai kwenye 12. Inapanda kupita 14 inapochajiwa, na bodi za kawaida za volti 12 hazikuumbiwa hilo. Zipo bodi zinazopokea kuanzia volti 6 hadi 30, kama M4-ATX, na hizo unaweza kuzilisha moja kwa moja kutoka kwenye betri bila kupitia inveta. Kila umeme unapogeuzwa kutoka betri kwenda 230 na kurudi tena 12, unapoteza. Kompyuta ya wati 35 inayokula betri moja kwa moja ni kitu kizuri sana kijijini, na inaendelea kufanya kazi wakati jirani anasubiri umeme urudi.

A4-H2O: kwa mwenye kucheza gemu na mwenye pesa

Kesi hii ina ukoo. Mwaka 2013 NCASE M1 ilifadhiliwa na wateja wenyewe kupitia Indiegogo, ikatengenezwa na Lian Li, na kwa lita 12.6 ikawafundisha watu kwamba kompyuta ya gemu haihitaji kuwa na kimo cha ndoo. Baadaye DAN ya Ujerumani ikaleta A4-SFX ya lita 7.2, nayo ikitoka mikononi mwa Lian Li, yenye mpangilio wa tabaka: mazabodi upande mmoja, kadi ya grafiki upande wa pili, mgongo kwa mgongo, na utepe wa nyaya wa kuziunganisha. A4-H2O ni mtoto wa mpangilio huo, ameongezwa kimo ili juu pakae kipoozeo cha maji cha milimita 240. Kadi inaweza kufika urefu wa milimita 322, ambao unazimeza kadi nyingi za feni tatu.

Uzuri wa tabaka ni kwamba kadi inavuta hewa yake yenyewe ubavuni, kupitia matundu, bila kumpumulia prosesa usoni. Ubaya ni ule utepe. Kuna tepe za PCIe, njia ya mawasiliano kati ya kadi na mazabodi, za kizazi cha 3 na za kizazi cha 4, na kadi ya kisasa ikilazimishwa kwenda kasi ya 4 juu ya utepe wa 3, mara nyingi skrini inabaki nyeusi. Hapo watu huilaumu kadi, wakairudisha dukani. Dawa ni kuingia kwenye mipangilio ya mazabodi na kuishusha kasi ya tundu hilo hadi 3, na kwa gemu tofauti ni ndogo. Ukinunua ya mkono wa pili, uliza utepe ni wa kizazi gani kabla hujauliza rangi.

SFX ndiyo kizingiti. Pawa saplai hizi zina vipimo vya milimita 125 kwa 100 kwa 63.5, ni nzuri, zipo za wati 600 na 750 za kampuni zenye jina, lakini katika maduka yetu mengi utaambiwa "hiyo tunaagiza". Ukiichagua A4-H2O, hesabu mapema bei ya kifaa cha kuchuja na kusawazisha umeme, yaani UPS inayorekebisha volti, kama sehemu ya bei ya kesi. Wati za pawa saplai zisikutishe kwa upande wa bili: ile ya 750 haili 750, inatoa kile kinachoombwa. Kadi kama RTX 4060 inaomba 115 hivi, RTX 3060 inaomba 170. Ukijumlisha na prosesa ya wati 65, hata SFX ya 450 inakutosha na kubaki.

Kipoozeo cha maji nacho kina moyo wa pampu, na pampu hufa. Kwa prosesa ya daraja la kati ningeacha maji, nikaweka kipoozeo cha hewa cha milimita 47 kama Thermalright AXP90-X47, na pale juu nikafunga feni mbili tupu za kutoa joto. Ni kazi rahisi zaidi kuitengeneza mwaka wa nne.

SG13: haitapigiwa picha, itatengenezeka

Ni sanduku la chuma, mbele plastiki au wavu kutegemea toleo, feni moja kubwa mbele. Pawa saplai inaning'inia juu ya prosesa, na ndiyo maana kipoozeo kimewekewa mpaka wa milimita 61. Nyaya za ATX ni nyingi na zinajazana mbele ya feni. Utatumia jioni nzima na mikanda ya plastiki kuzipanga. Pawa saplai lazima isizidi milimita 150 kwenda nyuma, bora 140, na kwa bahati nzuri zile za kawaida za madukani nyingi ni 140.

Faida yake ni moja na inazizidi kasoro zote hizo kwa mtu wa Singida au Kisii: pawa saplai ikifa saa nne asubuhi, mchana umepata nyingine mtaani kwako. Inakubali pia kadi za feni mbili. Pwani, pitisha mafuta mepesi kwenye kingo za ndani zilizokatwa na usiiweke sakafuni panapodekiwa.

Hesabu ya kuileta

Bei ya kwenye tovuti si bei ya mlangoni. Kampuni za usafirishaji wa haraka hupima boksi kwa sentimita, urefu mara upana mara kimo, wakagawanya kwa 5000, na namba hiyo ikizidi kilo halisi ndiyo unayolipia. Kesi yoyote ni hewa tupu iliyofungwa kwenye boksi, kwa hiyo udogo unakurudishia fedha hapa kuliko wepesi. Boksi la Chopin litakugharimu sehemu tu ya lile la A4-H2O. Juu yake weka ushuru na VAT, asilimia 16 Kenya na 18 Tanzania Bara. Wanaokusanya mizigo Dubai na Guangzhou kwa meli hutoza kwa ujazo pia, ila kwa bei inayovumilika, kama una subira ya wiki kadhaa.

Ukiagiza kwa njia hiyo, agiza na vipuri kwenye boksi lilelile: skrubu za M3 za akiba, krimu ya kupitishia joto, na kwa A4-H2O utepe wa pili. Kwa Chopin, weka ile bodi ya volti 12 humo humo.

Ningechukua ipi

Nyumba isiyo na mchezaji gemu, iliyo pwani au kwenye vumbi, na bajeti inaruhusu: FC8 na prosesa ya wati 35. Bajeti ikibana, Chopin iliyotolewa pawa saplai yake, 5600G iliyoshushwa hadi 45. Mwanafunzi anayetaka gemu na anaishi mbali na miji mikubwa, SG13, wala asione haya. A4-H2O ningempa mtu mmoja tu: anayejua tayari SFX yake ya pili itatoka wapi.

Na kama unachotaka ni kompyuta ndogo tu, huna hamu ya kujenga, zipo zile za ofisi za lita moja zilizotumika Ulaya, HP, Dell na Lenovo, zimejaa Dar na Nairobi. Adapta yake iko nje, prosesa nyingi ni zile za herufi T. Si za alumini, zinafanya kazi.